Jinsi ya Kutofautisha Kaseti Orijino za Game Boy na Feki: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Wengi wanaouziwa kaseti feki za Game Boy, mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo, huponzwa na kipimo kilekile: wanaichomeka, wanaiwasha, neno Nintendo linatokea, muziki unalia, wanalipa.

Kuwaka si ushahidi. Game Boy ikiwashwa husoma picha ya nembo iliyomo ndani ya kaseti na kuilinganisha na ile iliyo ndani ya mashine yenyewe. Zisipofanana, gemu haianzi. Lakini mtengeneza feki hunakili gemu nzima pamoja na nembo hiyo, kwa hiyo mlango huo anaupita bila hata kupiga hodi.

Kipimo cha pili kinachowaangusha watu ni lebo. Lebo za feki siku hizi huchapwa vizuri, na baadhi zina mng'ao kuliko za kweli. Mahali feki inapobania gharama ni ndani, kwenye bodi inayobeba chipu. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza nje lakini hukumu unaiacha ndani.

Mifano mingi nimeichukua kwenye gemu za Pokémon, kwa sababu ndizo zinazoghushiwa kupita zote. Kaseti ya Pokémon Emerald ya toleo la Marekani, bila boksi, huuzwa kwa zaidi ya dola 100. Ukiiona "mpya kabisa" kwa dola 15, huna haja ya kusoma hadi mwisho.

## Vitu vya kuandaa

- Bisibisi yenye ncha kama herufi Y, kwa kaseti za Game Boy Advance.
- Bisibisi ya soketi ya milimita 3.8, kwa kaseti za Game Boy ya kwanza na Game Boy Color. Ukiitafuta mtandaoni andika "gamebit 3.8mm". Usijaribu kutumia kisu au mkasi badala yake; utaharibu kichwa cha skrubu, na skrubu iliyochubuka hushusha bei ya kaseti halali.
- Tochi. Ya simu inatosha.
- Lenzi ya kukuza, au kamera ya simu inayovuta karibu bila picha kutia ukungu.
- Spiriti na pamba za masikio, za kusafisha meno ya kaseti, yaani vile vipande vya dhahabu vya chini vinavyogusana na mashine.
- Mashine unayoiamini: Game Boy Advance au Game Boy Advance SP inacheza kaseti za vizazi vyote vitatu. Nintendo DS au DS Lite haipokei zile za zamani, inapokea za Advance tu.

Kama unayo kaseti moja ambayo una hakika ni orijino, hata ya gemu isiyo na thamani, iweke mezani. Kulinganisha vitu viwili mkononi kunafundisha haraka kuliko picha mia.

## Hatua ya 1: Ijue gemu kabla ya kuiona

Kila kaseti ina msimbo kwenye lebo. Sehemu ya kwanza ni aina ya kaseti: DMG ni Game Boy, CGB ni Game Boy Color, AGB ni Game Boy Advance. Katikati kuna herufi za gemu yenyewe, nne kwa hizi za Pokémon. Mwisho ni soko, kama USA, EUR au JPN.

Hizi ndizo gemu za Pokémon zinazoulizwa sana, kwa toleo la Marekani:

- Red: DMG-APAE-USA
- Blue: DMG-APEE-USA
- Gold: DMG-AAUE-USA
- Silver: DMG-AAXE-USA
- Crystal: CGB-BYTE-USA
- Ruby: AGB-AXVE-USA
- Sapphire: AGB-AXPE-USA
- Emerald: AGB-BPEE-USA
- FireRed: AGB-BPRE-USA
- LeafGreen: AGB-BPGE-USA

Jua pia kama gemu hiyo inatakiwa kuwa na betri. Gold, Silver na Crystal zina betri inayotunza kumbukumbu (pale mchezaji alipofikia) na saa. Ruby, Sapphire na Emerald zina betri ya saa tu, kumbukumbu yake inajitegemea. FireRed na LeafGreen hazina betri kabisa. Shika hilo la mwisho. Litakuokoa huko mbele.

Umefaulu ikiwa kabla ya kuongea na muuzaji unaweza kusema msimbo, rangi ya ganda na habari ya betri ya gemu unayoitafuta.

## Hatua ya 2: Omba picha, kisha uone muuzaji anavyojibu

Picha iliyopakuliwa mtandaoni haikufai kitu. Unataka ya kaseti ileile utakayopewa, iliyopigwa leo, na kikaratasi chenye tarehe pembeni.

Kwa muuzaji wa hapa nyumbani ujumbe kama huu unatosha:

*"Kaka habari, nimeipenda hiyo Emerald. Naomba picha tatu za leo: mbele kwa karibu lebo isomeke, nyuma, na chini pale kwenye meno. Kama una bisibisi ya Y naomba na picha ya bodi. Ikiwa safi nakuja kuichukua."*

Muuzaji mwenye kitu halali anaweza kukosa bisibisi, hilo ni kawaida. Lakini anayekataa hata picha ya chini, au anayejibu "wewe lipia tu, ni orijino mia kwa mia," amekwisha kukujibu.

Ukimwagiza ndugu aliyeko Dubai, Muscat au London akununulie, mtumie orodha hii hii ya picha. Usimwambie "angalia kama ni nzuri." Ataangalia, na atakuambia ni nzuri.

Tahadhari: usitume pesa kwa simu kabla ya kuiona picha ya bodi au kuishika kaseti mkononi. Boksi zuri lisikubadilishe mawazo, kwa sababu maboksi nayo yanachapwa upya.

## Hatua ya 3: Kagua ganda

Anza na rangi. Ruby, Sapphire na Emerald zina ganda linalopitisha mwanga: jekundu, la buluu, la kijani. Weka tochi nyuma yake. Kivuli cha bodi kinatakiwa kuonekana. Emerald ya kijivu haipo.

Kwenye Game Boy Advance, maneno GAME BOY ADVANCE yamechorwa kwenye plastiki ya juu kwa kingo kali. Feki nyingi zina herufi nene zilizovimba, nafasi zisizolingana, au zimekwepa kabisa na kuandika neno GAME peke yake. Nyuma ya orijino utakuta namba ya modeli AGB-002.

Kwenye kaseti za zamani tazama kona ya juu. Kaseti zinazokubali Game Boy ya kwanza zina pengo dogo kwenye kona moja, ambalo swichi ya mashine hiyo huingia inapowashwa. Zile za Game Boy Color pekee hazina pengo, na sababu ni ya makusudi: swichi inagonga plastiki na mashine ya zamani haiwaki. Crystal ni ya Color pekee. Ukiona Crystal yenye pengo, ganda hilo si lake.

Kisha skrubu. Ya orijino ni ile ya Y kwa Advance na ya soketi kwa za zamani. Skrubu ya nyota ya kawaida maana yake ni moja kati ya mawili: feki, au kaseti halali iliyofunguliwa na fundi akapoteza skrubu yake. Kwa hiyo skrubu ya nyota inakupa shaka, haikupi hukumu. Na skrubu sahihi haikupi chochote, kwa sababu feki nazo zimeanza kutumia ya Y.

## Hatua ya 4: Soma lebo, lakini usiiamini

Linganisha msimbo na orodha ya hatua ya 1. Wachapaji wa feki wana uvivu wa kupendeza: mara nyingine picha ni ya Emerald na msimbo ni wa FireRed. Hilo likitokea, kazi imekwisha.

Geuza kaseti taratibu chini ya taa ukitafuta namba iliyogandamizwa kwenye karatasi ya lebo. Ni tarakimu mbili, mara nyingine na herufi moja, hazina wino, zimebonyezwa tu. Kwa tochi iliyoshikwa kwa ubavu zinaonekana kirahisi. Lebo isiyo na alama hiyo ni dalili mbaya sana, isipokuwa imechakaa kiasi kwamba hata picha imefutika.

Feki za daraja la juu nazo zina alama hiyo. Mzigo mzima huwa na namba moja, kwa hiyo muuzaji mwenye Emerald tano zote zikiwa na namba ileile amejianika mwenyewe.

Angalia pia pembe za lebo. Za orijino ni za mviringo na zimekaa sawasawa ndani ya kitanda chake. Lebo iliyopinda upande, au iliyokatwa ikaacha ukingo mweupe, ni ya mkono wa mtu.

## Hatua ya 5: Chungulia chini bila kufungua

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inafanyika kaunta ya muuzaji, kwa sekunde chache, bila bisibisi.

Elekeza tochi kwenye uwazi wa chini wa kaseti ya Game Boy Advance. Juu kidogo ya meno ya dhahabu, kwenye bodi, orijino ina neno Nintendo limechapwa. Feki nyingi hapo ni patupu, au pana namba za kiwanda zisizo na jina.

Meno yenyewe yawe 32, yamenyooka, urefu sawa. Uchafu mweusi si kosa, ni umri. Safisha kwa spiriti kidogo uone.

Umefaulu ikiwa umelisoma neno Nintendo kwa macho yako, si kwa maneno ya muuzaji. Usipoliona, iombe kaseti ifunguliwe au iache.

## Hatua ya 6: Ifungue

Kama ni ya mtu, omba ruhusa. Kama ameuza "imefungwa kiwandani," usiifungue kabla hamjakubaliana.

1. Nawa mikono, kaa mbali na zulia na nguo za sufu. Umeme tuli wa mwilini unaweza kuua chipu bila wewe kuhisi chochote.
2. Ilaze kaseti, lebo chini. Bonyeza bisibisi kwa nguvu kidogo huku ukizungusha polepole.
3. Skrubu ikitoka, usipasue. Juu kuna vijino vya plastiki vinavyoshikana. Telezesha upande mmoja kidogo hadi uachie, ndipo uinue.
4. Shika bodi kwenye kingo tu. Usiguse meno wala miguu ya chipu.

Tahadhari kubwa: usiing'oe betri ya kaseti ya zamani "kuangalia kama inafanya kazi." Kwenye Red, Blue, Gold na wenzake, betri ndiyo inayoshikilia kumbukumbu. Ukiitoa, safari yote ya mwenye kaseti aliyetangulia imefutika, na huenda ndiyo aliyotaka kukuonyesha.

## Hatua ya 7: Isome bodi

Hapa ndipo hukumu ilipo. Ukiwa na dakika tano tu, zitumie hapa.

Doa jeusi. Kitu cha kwanza macho yatafute ni tone jeusi la gundi ngumu, la mviringo, limemwagwa katikati ya bodi. Chini yake kuna chipu tupu iliyofunikwa ili kuokoa gharama ya kasha na miguu. Ukilikuta kwenye gemu kubwa kama hizi za Pokémon, funga kaseti, rudisha.

Jina na mwaka. Bodi ya orijino ina neno Nintendo, mwaka, na msimbo wa bodi unaoanza kwa herufi za familia yake, DMG au AGB. Maandishi ni membamba na makali. Ya feki, yakiwapo, huonekana yamepakwa.

Rangi. Bodi za Game Boy Advance ni za kijani. Ya buluu au nyeusi haikutoka kwa Nintendo.

Chipu. Chukua Gold kama mfano. Ndani utakuta chipu nne: kubwa yenye gemu, moja iliyoandikwa MBC3 pamoja na jina la Nintendo, ya kumbukumbu, na ndogo ya kusimamia umeme wa betri. Pembeni kuna kopo dogo la chuma, ni kristali ya saa, inayotetema mara 32,768 kwa sekunde. Feki ya Gold mara nyingi haina kristali, ndiyo maana usiku na mchana wake havieleweki. Juu ya chipu kubwa ya kaseti za zamani, mara nyingi utazikuta tena zile herufi za msimbo wa gemu. Zikilingana na lebo, moyo unaweza kutulia.

Lakini usihukumu kwa wingi wa chipu peke yake. Tetris ya kweli ina bodi karibu tupu, kwa sababu gemu yenyewe ni kilobaiti 32 tu na haihitaji betri. Bodi ihukumiwe kwa gemu yake.

Betri. FireRed au LeafGreen yenye betri ni feki. Hakuna mjadala, hakuna "toleo la nchi nyingine." Kwa zile zinazostahili betri, ya kiwandani imeunganishwa na vipande vya chuma vilivyopigwa vidoa vya joto juu ya betri, na risasi chini yake imekaa nadhifu.

Risasi ya mafundo na madoa ya kahawia ya flaksi (dawa ya kuchomelea) hapa peke yake isikutishe sana. Betri hizi zina zaidi ya miaka 20, na kaseti nyingi halali zimebadilishiwa na mafundi. Tofauti ni hii: kaseti halali iliyobadilishiwa betri ina uchafu kwenye miguu miwili ya betri tu, kwingine kote ni kazi ya mashine. Feki ina miguu ya chipu nayo imechomelewa ovyo.

Umefaulu ikiwa mambo haya yote yamekubaliana: hakuna doa jeusi, jina la Nintendo na msimbo wa bodi vipo, chipu zinaendana na gemu, na betri ipo au haipo inavyostahili.

## Hatua ya 8: Icheze, lakini kwa shabaha

Sasa kuiwasha kuna maana, kwa sababu unajua unachotafuta.

Ukiwasha Emerald, Ruby au Sapphire iliyozeeka, tarajia ujumbe huu: "The internal battery has run dry." Watu hukimbia wakiuona. Mimi siukimbii, kwa sababu kwenye orijino maana yake ni kwamba betri ya saa imeisha; lakini si ushahidi, kwa sababu feki isiyo na saa nayo inaweza kuuleta. Gemu inaendelea kama kawaida, mambo yanayotegemea saa tu ndiyo yanasimama.

Ujumbe wa kukimbia ni mwingine. FireRed au LeafGreen ikikwambia "The 1M sub-circuit board is not installed," maana yake gemu imetafuta kumbukumbu ya aina iliyopaswa kuwapo na haikuikuta.

Kisha sevu. Cheza hadi gemu ikuruhusu kuhifadhi, hifadhi, zima, itoe kaseti, iache nje muda wa kunywa chai, rudisha. Rudia mara kadhaa. Feki nyingi zinapita jaribio la kwanza na kusahau la tatu. Feki za Emerald zina sifa mbaya zaidi: zinasevu vizuri safari nzima, halafu zinapoteza kila kitu baada ya kuwashinda Elite Four, wapinzani wa mwisho wa gemu, pale gemu inapoandika kumbukumbu ndefu zaidi. Huwezi kulijaribu hilo dukani, na ndiyo sababu hatua ya 7 haikwepeki.

Kwa mwenye DS au DS Lite, kuna kipimo kingine: weka kaseti ya Advance kwenye tundu la chini na uwashe Pokémon Diamond, Pearl au Platinum, gemu za DS, ambayo safari yake imekamilika. Orijino huleta kwenye menyu chaguo la kuhamisha kutoka gemu hiyo. Feki nyingi hazionekani kabisa.

## Hatua ya 9: Mashine yenyewe

Hapa feki kamili ni rahisi kuijua. Game Boy ya kwanza inatumia betri nne za AA, Color na Advance mbili za AA, Game Boy Pocket mbili za AAA. SP ina betri yake ya kuchaji, lakini tundu lake si USB. Kimashine chenye sura ya Game Boy, tundu la USB na "gemu 400 ndani" ni kichezeo kingine kabisa. Kinunue kama unakipenda, kwa bei yake. Vivyo hivyo kaseti ya "gemu 369 kwa moja": Nintendo haikuwahi kutoa kitu hicho.

Tatizo la kweli ni mashine halali iliyovishwa ganda jipya. Si feki, ila uambiwe, na bei ishuke. Stika ya modeli nyuma ikikosekana au ikiwa inang'aa kuliko vitufe vyake, uliza.

Kwa SP kuna mtego mmoja. Modeli ya AGS-101 ina kioo angavu kuliko ya AGS-001 na bei kubwa zaidi, kwa hiyo stika hubadilishwa. Achana na stika, bonyeza kitufe cha taa kilicho katikati. Taa ikizimika kabisa, ni 001. Ikipungua tu na kuongezeka bila kuzimika, ni 101. Ila kioo kilichobadilishwa na fundi kinaweza kuvuruga jaribio hili, kwa hiyo uliza pia kama kimewahi kuguswa.

## Ukigundua umeshauziwa feki

Piga picha ya bodi kwa karibu, pande zote mbili, kabla ya kumwandikia muuzaji. Mwandikie kwa maandishi, si kwa simu: taja doa jeusi, betri isiyostahili au msimbo usiolingana, na uambatishe picha. Ukiwa umenunua eBay, fungua dai la bidhaa isiyolingana na maelezo ndani ya mtandao huohuo. Usikubali kuhamia WhatsApp "tuyamalize kiungwana," maana ukitoka humo ushahidi wako unabaki nyuma.

Ukiamua kubaki nayo ya kuchezea, andika FEKI kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya ganda na nyuma yake, na usiweke humo safari ambayo utalia ikipotea.